Kinyongo cha Marthe Kilivyojifunza Kutembea

Marthe hakuwa mtu wa kutembea, na tusidanganyane hapo. Fundi cherehani gani anatembea? Kazi yake ni kukaa. Asubuhi alishuka ngazi za jengo lao pale Joubert Park, Johannesburg, akavuka barabara, akafungua chumba alichokodi pamoja na wasusi wawili, akakaa nyuma ya cherehani yake, na akiinuka tena jua limeshaenda zake. Kanisani alikwenda kwa teksi, hizi daladala za huku. Fordsburg, kununua nyuzi na zipu, alikwenda kwa teksi, na teksi yenyewe aliisubiri ijae huku wenzake wanaotumia miguu wakipita. Kwa hiyo siku alipoinua mkono ukumbini baada ya misa ya Kiswahili, akasema naye anataka kwenda kuhiji kwa mguu mpaka kwa Bikira Maria wa mlimani, huko KwaZulu-Natal, watu walicheka. Padri naye alicheka, akajifanya anakohoa.

"Kwa mguu, Mama Falonne?" aliuliza Papa Lambert, mzee wa jumuiya yao ya Wakongomani na kiongozi wa hija hiyo. "Si bora utungoje kule na watu wa basi?"

"Kwa mguu, Papa. Si miguu ninayo?"

Wapo waliodhani Roho Mtakatifu amemshukia. Mamie, jirani yake wa mlango wa pili na mmoja wa wale wasusi, hakudhani hivyo hata kidogo. Alimvuta kando penye masufuria.

"Wewe, Marthe. Unamfuata Jocelyne."

"Namfuata."

"Mpaka kwa Bikira Maria?"

"Mpaka pale atakapopiga magoti," alisema Marthe. "Atanitambua."

Sasa kosa la Jocelyne lilikuwa hili, na asije mtu akaniambia ni dogo. Mwaka uliotangulia, mama yake Marthe alifariki huko Uvira. Habari ilikuja kwa WhatsApp, sauti ya kaka yake ikikatikakatika. Kwenda kuzika Marthe hakuweza. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa za kukaa, si za kuvuka mpaka na kurudi. Wakongomani wengi wa Johannesburg wako hivyo, na ndiyo maana walijiwekea utaratibu wao: huwezi kwenda kwenye maiti, basi watu wanakuja kwako. Unatoa kitanda na viti nje kwenye korido, unatandika mikeka, unachemsha chai, mamas, wanawake wa jumuiya, wanakaa chini pamoja nawe, na anakuja mtu wa kuanzisha kilio. Huko ndiko kuzika kwako. Ukikosa matanga hayo, umekosa yote.

Na mtu wa kuanzisha kilio alikuwa mmoja tu, Jocelyne. Yeye ndiye prezidenti wa mamas, mwanamke mrefu, mwenye duka la nywele za bandia karibu na Park Station, na sauti aliyonayo, Mungu alimpa siku aliyokuwa na furaha. Akiita "Mamaaa" ya kwanza, hata aliyekuja kwa ajili ya chai analia. Alikuwa amewalilia baba za watu, wajomba za watu, mpaka mtoto wa mtu aliyefia Lubumbashi ambaye hakuna hata mmoja pale aliyemjua. Anauliza jina, anauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, halafu anamlilia kama alikula naye sahani moja.

Marthe alitoa kitanda nje. Yeye na Mamie walisukuma kabati. Walitandika mikeka ya kuazima, wakachemsha chai ya sufuria kubwa, ile ya sherehe. Kisha Marthe akakaa chini, miguu ameinyoosha kama anavyokaa mfiwa, akangoja, na hakuja mtu. Jumamosi hiyo Jocelyne alikuwa anapokea mahari ya binti yake, na mamas wote walikuwa kwake na sare zao. Sawa, mahari hayaahirishwi. Lakini si angesema tu, "Kesho twende kwa Marthe"? Thubutu! Alichotuma kwa sauti kwenye group ya WhatsApp ni hiki: kwamba yule mama alikuwa mzee aliyeshiba siku zake, kwamba Marthe mwenyewe haonekani kwenye mikutano, kwa hiyo kila mtu amwombee kwake. Wakamwombea kwao. Wiki iliyofuata hawakuja, na iliyofuata hiyo pia hawakuja. Chai ilimwagwa. Kitanda kikarudi ndani. Tangu hapo Marthe hakumlilia mama yake. Si kwamba hakutaka. Alikaa kitandani akajaribu, machozi yakagoma, na alijua kabisa nani aliyeyafungia.

Basi tukirudi ukumbini. Kilichomfanya ainue mkono ni maneno ya Papa Lambert. Mzee alisema kwamba kwao, kando ya ziwa, wanaohiji kwa mguu hawaanzi safari hivi hivi. Asubuhi ya kuondoka kila mmoja anapiga magoti mbele ya watembeaji wenzake, anaomba msamaha. Wote wakijibu "Ndiyo," anainuka anachukua mzigo wake. Mmoja akisema "Bado," anabaki palepale magotini mpaka amtimizie huyo anachotaka, na asipotimiza, hija imempita. "Na anayesema ni mtembeaji tu," Papa Lambert aliongeza. "Wanaosindikiza, kazi yao kusindikiza." Kabla mzee hajafunga mdomo, mkono wa Marthe ulikuwa juu. Jocelyne alikuwa mtembeaji wa kwanza kuandikwa, bila shaka. Ndiye angeanzisha nyimbo za njiani. Marthe alimwona tayari, amepiga magoti, watu wote wanamtazama, na yeye amesimama juu yake na neno lake moja. Abaki, alijiambia. Wenzake waondoke na nyimbo zao, yeye abaki na mkoba wake mlangoni, asindikize.

Ila kwanza ajue kutembea. Papa Lambert hakuwa na mchezo. Asiyeweza mazoezi, alisema, atapanda basi. Marthe alinunua raba, ambazo huku wanaziita teki, akaanza na Fordsburg. Kwenda alifika. Alifika uso umeiva, ameshika ukuta, na Mahmoud, Mtanzania anayeuza nyuzi kwenye lile soko la Wahindi, akamletea kiti mbio.

"Mama Falonne! Umefukuzwa na vibaka, hawa tsotsi?"

"Nafanya mazoezi. Naenda kuhiji."

"Makubwa haya. Sisi tunahiji kwa ndege, nyinyi kwa miguu. Na sura hiyo? Mtu anayekwenda kwa Mungu hakunji uso hivyo."

"Sijafika bado kwa Mungu. Kuna mtu nakutana naye kabla."

Mahmoud alimtazama, akatikisa kichwa. Alikuwa mtu wa dini na alitaka kusema neno, lakini Marthe alikuwa mteja wa siku nyingi, akalimeza. Badala yake akamfundisha kuvaa soksi mbili, nyembamba ndani na nzito nje, na kupaka mafuta ya mgando katikati ya vidole. Kurudi, Marthe alipanda teksi, akavua raba humo humo ndani, abiria wakafungua madirisha. Malengelenge yalikuwa yameota kisiginoni. Aliyapasua kwa sindano yake ya kazi, akiisukuma taratibu, na kwa kila moja lililopasuka alitaja jina la Jocelyne.

Hivyo ndivyo alivyojifunza. Wengine hutembea na rozari, Marthe alitembea na ile sauti ya kwenye group, "mzee aliyeshiba siku zake." Mguu wa kulia, mzee. Mguu wa kushoto, aliyeshiba. Akichoka kupanda mlima wa Parktown, alimfikiria Jocelyne ameshika kipaza sauti siku ya mahari, anacheka, na miguu ikapata nguvu yenyewe. Ni aibu kusema, lakini hasira ni chakula kizuri. Alipungua. Uvimbe wa miguu ukaisha. Ngazi za jengo lao akawa anazipanda huku anaongea kwa simu.

Jumamosi moja alitembea mpaka Randburg, ambako binti yake Falonne alikuwa anauza simu kwenye duka la ghorofa ya chini. Alifuata barabara ya Jan Smuts, roboti baada ya roboti, ndizo taa za barabarani, madereva wakimpigia honi. Falonne alipomwona amesimama mbele ya kioo cha duka, jasho linamtiririka, kitambaa kichwani kimekwenda upande, aliacha mteja.

"Eish, Ma! Umetoka kwa miguu?" Kiswahili alikisikia chote lakini kukisema kilimpa tabu; sentensi iliyobaki ilitoka kwa Kizulu, na maana yake ilikuwa kwamba mama atakufa barabarani kwa sababu ya mwanamke wa kanisani, na kwa nini asimwambie tu kwamba alimuumiza?

"Nimwambie faraghani?" alisema Marthe. "Yeye alinidharau mbele ya watu. Nitamwambia mbele ya watu."

"Na bibi angependa hivyo?"

"Bibi yako hakupewa nafasi ya kupenda kitu."

Falonne akamletea maji na kiti, akamtazama akinywa.

Mazoezi ya pamoja yalikuwa Jumapili baada ya misa. Jocelyne mbele, amefunga kitenge kipya, kikwembe kama wanavyokiita, anaanzisha wimbo, nyuma wote wanaitikia. Marthe alikaa mkiani na kuangalia kisogo chake. Lakini Jumapili ya tatu Jocelyne alirudi nyuma mwenyewe, akampa chupa ya maji, akamshika bega.

"Pole pole, Mama Falonne. Na mwili huu tena! Lakini nafurahi. Tulikukosa sana kwenye jumuiya."

Tulikukosa! Damu ilimpanda Marthe mpaka masikioni. Alikunywa maji ya watu, akafuta mdomo, akasema, "Asante, Mama Prezidenti." Mamie, aliyekuja kumsindikiza, alisema baadaye kwamba hajawahi kusikia asante iliyofanana hivyo na tusi.

Halafu, utaamini? Jocelyne alimletea kikwembe amshonee nguo ya hija. Aliingia pale kwa cherehani akicheka, akatandaza kitambaa cha samawati chenye picha ya Bikira Maria, akapimwa kifua, kiuno, mikono. Marthe alimzungushia tepu shingoni, akaikaza kidogo, akailegeza. Jocelyne alipotoka, Mamie aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa.

"Mbanie kwapani, dada. Akitembea siku mbili atachubuka mpaka alie. Au mshono wa nyuma, uwe wa kuachia. Nani atajua?"

"Hapana."

"Umemsamehe?"

"Nimsamehe? Mamie, nguo ikibana inafumuliwa, watu wanacheka, imekwisha. Mimi nataka siku hiyo apendeze. Nataka kila jicho la ukumbi ule liwe juu yake atakapopiga magoti."

Akaishona nguo ile kama anashona ya bibi harusi. Mshono wa ndani aliufunika, kola akaitia utepe mweupe. Jocelyne alipoijaribu aligeuka mbele ya kioo, akamkumbatia, na Marthe akakubali kukumbatiwa.

Siku ya kuondoka waliamkia misa, kisha wakaingia ukumbini. Nje ilikuwa imeegeshwa bakkie, pikapu ya kubeba magodoro na masufuria. Watembeaji walisimama mduara, raba miguuni, fimbo mkononi, na wasindikizaji ukutani, Mamie akiwa mbele yao kucha mdomoni. Papa Lambert alianza mwenyewe. Alipiga magoti kwa shida, akaomba msamaha kwa ukali wake, wakajibu "Ndiyo." Mmoja mmoja wakafuata. Marthe naye alipiga magoti, akasema maneno, hakuyasikia hata yeye. Wakajibu "Ndiyo," na sauti ya Jocelyne ilikuwa ya juu kuliko zote.

Kisha Jocelyne akaingia katikati. Alipendeza, jamani, usiseme. Alipiga magoti na nguo ile ikakaa vizuri kumzunguka.

"Ndugu zangu, kama nimemkosea mtu, kwa kujua au kwa kutojua, naomba mnisamehe nitembee na moyo mweupe."

"Bado," alisema Marthe.

Wengine walikuwa wameshaanza "Ndi-" ikawafia mdomoni. Jocelyne alitabasamu kwanza, akidhani ni utani. Akatazama huku na huku.

"Nimekukosea nini mimi, Mama Falonne?"

Marthe alikuwa amelifanyia mazoezi jibu hilo kwenye kila mlima wa Johannesburg. Alilitoa lote bila kupandisha sauti: kitanda kwenye korido, mikeka ya kuazima, sufuria ya chai, mahari, group, mzee aliyeshiba siku zake. Alipomaliza, mamas walikuwa wanatazama raba zao. Jocelyne alikuwa bado magotini, uso umembadilika rangi.

"Lakini tulimwombea," alisema. "Marthe, kweli, tulimwombea mama yako."

"Kwa jina gani?"

Jocelyne alifungua mdomo.

"Nakuuliza, mlimwombea kwa jina gani? Anaitwa nani mama yangu?"

Jocelyne alimtazama Papa Lambert, Papa Lambert akatazama sakafu. Marthe akawageukia wengine, mmoja mmoja, mduara mzima. Hakuna aliyejua. Watu aliosali nao miaka yote hiyo, aliowashonea nguo za harusi na za ubatizo, na Mamie peke yake pale ukutani ndiye aliyekuwa na lile jina, na Mamie hakuruhusiwa kusema.

"Sheria ni sheria," Papa Lambert alisema taratibu. "Mama Falonne, unataka akufanyie nini?"

Hapa ndipo penyewe. Neno lilikuwa tayari mdomoni: abaki. Kwa neno hilo alikuwa amepasua malengelenge na kupanda Parktown. Alilishika, akalipima, na ghafla likamchukiza, kwa sababu Jocelyne angebaki, wao wangeondoka, na yule mama angeendelea kukosa jina ndani ya ukumbi ule. Adhabu gani hiyo? Ni ndogo! Jocelyne angekwenda nyumbani, angevua raba, angelala.

"Alie," alisema Marthe.

"Alie vipi?"

"Anavyowalilia wa wenzangu. Hapa, sasa hivi, na nguo hiyo hiyo. Na mimi nitakaa chini, na nyinyi wote mtakaa chini. Mpaka mimi niseme basi."

"Lakini jua linapanda," mtu mmoja alinong'ona, "na njia ni ndefu."

"Njia ingoje. Mama yangu amengoja mwaka."

Papa Lambert ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka fimbo yake chini. Marthe akakaa kwenye sakafu baridi ya ukumbi, akanyoosha miguu, raba zikaelekea juu. Mamas wakakaa wakimzunguka. Jocelyne alibaki magotini katikati, mikono imemning'inia, na kwa mara ya kwanza akaonekana mtu asiyejua pa kuanzia.

"Niambie jina lake," alisema.

"Nabintu."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa anauza mihogo. Alikuwa anatoka kwetu kwa mguu mpaka soko la Luvungi, mihogo kichwani, mimi mgongoni. Alikuwa mkali. Akicheka anafunika mdomo kwa sababu ya meno." Marthe alikohoa. "Alikuwa ananiita Kidole."

Jocelyne akafumba macho. "Mamaaa," aliita, na sauti ile ikapanda mpaka kwenye mabati. "Mama Nabintu eee! Umebeba mihogo mpaka Luvungi, leo nani anakubeba? Umemwacha Kidole mgongoni mwa nani? Tulikuwa wapi sisi, Mama Nabintu, mikeka ilipotandikwa? Tulikuwa kwenye pilau, Nabintu eee, tulikuwa tunacheza!"

Hilo la mwisho hakuna aliyemwamuru kulisema. Mamas walipasuka kwa kilio. Marthe alisikia kitu kinasogea kifuani, kizito kama lile kabati, na machozi yaliyogoma mwaka mzima yakaja yote kwa mkupuo, kwa kelele, kwa makamasi, akajipiga mapajani na kumwita mama yake. Mamie alikatiza mduara bila kuomba ruhusa, akaja kumshika.

Jocelyne alipotaka kunyamaza, Marthe alifungua jicho moja jekundu. "Endelea," alisema. Akaendelea. Alipoanza kukwaruza, Marthe alisema, "Endelea." Wenye bakkie walikuja kuchungulia mlangoni, wakavua kofia. Jocelyne alimlilia Nabintu mpaka sauti ikapasuka, mpaka ikawa pumzi tu, utepe mweupe wa kola umelowa, na hapo ndipo Marthe alipojifuta uso kwa mkono wa nguo, akasema, "Basi. Ndiyo."

Waliondoka Johannesburg jua likiwa limeshakuwa kali. Nje ya mji Papa Lambert aliomba wimbo, wote wakamgeukia Jocelyne, na Jocelyne akashika koo, akatikisa kichwa, hakikutoka kitu. Marthe alifurahi. Asiseme mtu kwamba hakufurahi. Alipita mbele yake, mbele ya wote, na yeye ambaye kuimba hajui akaanzisha wimbo kwa sauti yake mbaya, akautia jina la Nabintu pale ambapo halikuwamo, na walio nyuma, Jocelyne miongoni mwao akifungua mdomo bila sauti, ikawabidi waitikie.